Orodha ya Wanawake wa Kisima

Kikundi chetu cha Msimbu kilikuwa kinaomba ruzuku ndogo ya kununulia pampu ya kisima. Ya zamani ilikufa, tukawa tunateka maji bwawani, ng'ombe wakinywa upande mmoja na sisi upande wa pili. Mimi ndiye katibu. Fomu niliijaza mwenyewe, nikaipeleka Kibaha nikijiona nimemaliza kazi.

Ofisa alipitisha kidole kwenye orodha ya wanachama. "Dada, hapa namwona mtu mmoja tu. Wengine wote ni Mama Fulani. Kitambulisho cha taifa hakimjui Mama Fulani."

Mtu huyo mmoja ni mimi. Kwetu mwanamke akizaa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na jina lake huwekwa kando. Mimi sikujaaliwa, nikabaki na la kwangu. Iliniuma, ila haukuwa wakati wa kuumia: mwisho wa kupokea maombi ulikuwa kesho yake saa tisa alasiri, na mwenyekiti alitakiwa aje mwenyewe.

Nikarudi, nikapita nyumba kwa nyumba nikinakili vitambulisho. Jirani yangu wa miaka mingi nilimjua jina siku hiyo. Wa mwisho alikuwa mwenyekiti, mama mtu mzima tunayemheshimu sote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilipomweleza, akakataa katakata. Ndugu zake waliomtangulia kuzaliwa walikufa wote wachanga, basi wazee wakampa yeye jina la takataka ili kifo kisimtamani. Utotoni alichekwa mpaka akaacha shule.

"Nilipojifungua nikapumzika nalo," alisema. "Leo nikalitaje Kibaha, mbele za watu? Tafuteni mwenyekiti mwingine."

Mwingine tungempata wapi? Kubadili uongozi kunataka mkutano na muhuri wa kijiji. Nikawaka.

"Wewe umepumzika, mama. Mimi nisiyezaa nimepumzika wapi? Kila anayeniita jina langu ananikumbusha. Na bado naitika, na bwawani nakwenda pamoja nanyi."

Nilijua nimevuka adabu, lakini sikuomba radhi. Mama akaingia ndani, akatoka na kadi iliyofungwa kwenye kitambaa.

"Andika," akasema. "Na usikosee hata herufi moja."

Kesho yake ukumbi ulijaa vikundi vya Kisarawe na Kibaha. Ofisa alisoma orodha yetu kwa sauti. Alipofika kwa mwenyekiti akasita, akatazama kadi, akalisoma jina lile mara ya pili. Nyuma yetu mtu akacheka. Nikamshika mama mkono, akautoa taratibu.

Akasimama, akajitanda khanga yake vizuri.

"Ndiyo mimi," akasema, na hata waliokuwa barazani walisikia. "Gonga muhuri, mwanangu. Watu wanataka maji."