Ukuta Unaotembea wa Mama Mkwe

Saa kumi na mbili asubuhi, msanifu wa majengo anapima chumba chake cha kulala huku mumewe akikoroma. Chumba kimepungua tena. Miguu ya mume inagusa ukuta, na jana haikuwa ikigusa.

"Mama, ukuta umetembea?" anauliza.

"Nitajuaje? Mwenye ukuta ni wewe," anajibu mama mkwe kutoka chumba cha pili, kwa sauti ya mtu aliyelala akajinyoosha.

Ukuta huo ndio kazi yake ya miaka minne. Anasanifu nyumba za ghorofa ndani ya kiwanda cha zamani cha mablanketi, na kuta za vyumba amezitilia magurudumu. Mtoto akizaliwa, familia inasogeza ukuta badala ya kuhama. Mbao za kuta hizo zimebanduliwa kwenye sakafu za kiwanda, na katikati yake mmeshindiliwa mablanketi yaliyokutwa ghalani.

"Sinunui kitu ambacho jengo linacho tayari," anasema.

Ili kujaribu kazi yake, alihamishia familia yake katika nyumba ya mfano humo kiwandani. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Komeo la ukuta aliliweka upande mmoja tu, chumbani kwa mama mkwe, ili mzee asisumbuliwe.

"Nilisahau kwamba naye ana mikono," anasema, akicheka kwa uchungu.

Mumewe, fundi cherehani, ameshatoa meza yake nje. "Nilioa msanifu nikajua nyumba nimepata," analalamika. "Sasa nalala nimejikunja kama kamba!"

Lakini leo si siku ya mzaha. Wafanyakazi wa zamani wa kiwanda, ambao ndio watakaohamia hapa, wanakuja kukagua. Wakiukataa ukuta, mkandarasi atajenga wa matofali na michoro yote itatupwa. Msanifu hajanywa hata chai. Anaogopa, na hafichi.

Wageni wanajazana chumbani kwa mama mkwe hadi wengine wanabaki mlangoni. Mwenyekiti wao, aliyekuwa fundi mitambo, amenuna.

"Nyumba gani hii? Hata pa kusimama hakuna."

Mama mkwe, ambaye ujana wake wote aliumalizia kiwandani humo akifuma mablanketi, anausogelea ukuta. Anafungua komeo na kuusukuma ukuta kando kama mlango, kwa kiganja kimoja, mpaka mwisho. Upande wa pili, mume yuko kitandani, shuka kidevuni.

"Shikamooni," anasema mume.

Vicheko vinalipuka. Mwenyekiti anausukuma ukuta mwenyewe, anaurudisha, anausukuma tena. Kisha anaugonga.

"Mbona hauna kelele?"

"Ndani mna mablanketi yetu," anajibu mama mkwe. "Yale ambayo wakubwa wa kiwanda walisema yana kasoro."

Mwenyekiti haondoi mkono ukutani.

"Tunaukubali," anasema hatimaye. "Ila komeo liwe pande zote mbili. Mimi nakuja kuishi na shemeji yangu, namjua."

Msanifu anamkumbatia mama mkwe na kulia waziwazi.

Mpango wake ni familia za kwanza ziingie kabla ya mvua zijazo, na kila ukuta uwe na makomeo mawili, usisogee mpaka pande zote zikubali. Anaanza na wa kwake, jioni hiyohiyo.

"Sasa nikitaka nafasi nifanyeje?" anauliza mama mkwe, akitazama komeo jipya likikazwa.

"Utabisha hodi, mama."

Mzee anafikiri kidogo, anaingia chumbani kwake, anafunga mlango, anaugonga ukuta.

"Hodi!"

"Nusu hatua tu, mama," anajibu mwanawe, na kufungua komeo la upande wake.