Chai ya Msibani

Mwaka sukari ilipotoweka madukani, sisimizi walihamia kwangu.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane, mke wa watu katika kijiji cha nje kidogo ya Butiama. Nyumba zetu zilipangwa mstari kama serikali ilivyotaka, kila mtu akimwona jirani yake anavyopuliza moto. Mume wangu alifanya kazi Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Niliishi na mama yake, mwanamke mrefu asiyependa maneno. Tulielewana, maana mimi naongea kwa niaba ya watu wawili.

Shida ya siku zile, aliyeiishi hahitaji kuelezwa. Tulifua kwa majani ya mpapai. Tulikunywa chai ya chumvi, au mtu aliweka pipi shavuni akavuta chai juu yake, kisha akaitoa pipi na kuihifadhi kwa ajili ya kesho. Sukari ilipatikana kwa kibali cha ofisi ya kata, na kibali kilitolewa kwa mambo mawili, harusi na msiba. Harusi watu waliziahirisha. Kifo hakiahirishwi, kwa hiyo kwetu sukari ilionekana mtu akifa.

Wakati huohuo nikashikwa na kiu. Haikuwa kiu ya jua. Nilikunywa maji kata tatu, nikaiweka kata chini, nikaichukua tena. Na maji hayo hayakukaa mwilini. Kila saa niko bafuni, kile kiboma cha mabua ya mtama nyuma ya nyumba, kwa sababu choo kilikuwa mbali na nisingekifikia. Nilikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inazunguka yenyewe kidoleni.

Sisimizi walianzia hapo bafuni, kwanza wachache. Baada ya wiki walikuwa mstari mweusi uliotoka bafuni, ukazunguka nyumba, ukaingia chini ya ukuta wa chumba changu. Saa sita mchana, kuku wamelala kivulini, kijiji kizima kimya, mstari ule peke yake ndio ulikuwa unatembea. Mama mkwe aliumwagia majivu. Kesho yake walipita juu ya majivu. Hakuniuliza kitu, na niliogopa zaidi kwa sababu hakuniuliza.

Majirani nao wana macho. Nyumba isiyo na sukari haina sisimizi, hata mtoto analijua hilo, na ile ilikuwa miaka ya kusaka walanguzi. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa heshima ambaye mlango wake ulitazamana na wangu, alikuja asubuhi moja na mgambo wawili na jembe.

"Mama, samahani," alisema. "Watu wanasemaga umefukia gunia humu. Mimi natimiza kazi tu."

"Chimba, mzee," nilimjibu. "Ukilikuta tugawane."

Walisogeza kitanda changu wakachimba mpaka kina cha kiuno. Walikuta makao ya sisimizi na mayai yao meupe, basi. Wakageuka, wakaufuata mstari upande wa pili mpaka bafuni, na huko hapakuwa na kitu ila udongo uliolowa. Balozi akapiga magoti. Nadhani alifikiri nimeimwaga sukari ili kupoteza ushahidi, maana wako waliofanya hivyo. Alichota udongo kidogo kwa ncha ya kidole, akauweka ulimini.

Nilitaka kumzuia. Aibu ilinifunga mdomo. Ningesemaje mbele ya wanaume watatu kwamba pale ndipo ninapokojoa?

Halafu akasema taratibu, bila kumtazama mtu, "Ni tamu." Akatema mate, akachukua jembe lake, akaondoka. Hakuniandikia kosa wala hakunipeleka popote. Ila tangu siku hiyo, kila alipotoka nje asubuhi, kitu cha kwanza alichoangalia ni mlango wangu.

Mama mkwe ndiye aliyenipeleka Musoma, tumekaa juu ya lori la pamba. Hospitalini mganga alichukua mkojo wangu, akauchanganya na dawa ya buluu kwenye kichupa kirefu, akauchemsha juu ya moto mdogo. Mbele ya macho yetu ile buluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, halafu ikatulia na rangi ya tofali la kuchoma. Mama mkwe alivuta kanga akajifunika mdomo.

"Una ugonjwa wa sukari," mganga alisema.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Daktari, sukari yenyewe tumeiona wapi?"

Yeye hakucheka. Alieleza kwamba si lazima niwe nimeila. Mwili ndio umeshindwa kuitumia, sasa inajaa kwenye damu na kutoka na mkojo. Akanipa vidonge vya wiki chache, akasema vikiisha hajui vitakuja lini vingine, kwa hiyo chakula ndicho kitakuwa dawa. Ugali kidogo, dagaa, maharage na mboga kwa wingi. Uji usiotiwa kitu. Nisiguse asali, muwa, soda wala sukari. "Ukiidharau itakula macho, itakula miguu," alisema, na nilimsikia kama anayemzungumzia mnyama aliyelala ndani yangu.

Njiani kurudi nilijiona nina bahati. Kati ya magonjwa yote nimepewa unaokataza kitu ambacho hakipo.

Nyumbani nilijieleza kwa majirani. Walisikiliza, wakaangaliana. "Sukari?" mmoja aliuliza. "Sisi wote tunanywaga chai ya chumvi, wewe peke yako umeipata wapi ya kukuuguza? Huo ni ugonjwa wa wakubwa wa mjini." Walicheka, lakini walicheka wakiwa wamesimama mbali. Na shimo la chini ya kitanda nililifukia mimi mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyekubali kuingia.

Haukupita muda balozi akaugua tumbo. Lilivimba siku nne, ya tano akafa.

Mama mkwe alirudi kisimani ndoo ikiwa nusu. "Wanasema alionja kwako," aliniambia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi mwenyewe, naapa, nilikwenda bafuni nikasimama nikautazama ule udongo, nikajiuliza kama kweli haukuwa na kitu.

Sasa mila yetu ni hii. Ukienda msibani utakunywa na utakula kinachotolewa. Anayekataa hasemwi kwamba hana njaa. Husemwa kwamba ameshiba tayari, na kila mtu anajua amemla nani. Na chai ya msiba hutiwa sukari humohumo kwenye sufuria kubwa jikoni. Hakuna cha kuomba yako pembeni. Sukari ya kibali, iliyopiganiwa ofisi ya kata, nani atakutolea chai isiyo nayo?

Tulikaa kwenye majani, wanawake wote upande mmoja. Mjane wa balozi aliniletea kikombe kwa mikono yake. Si kazi ya mfiwa kugawa chai. Alisimama mbele yangu hakuondoka, na mazungumzo yakakatika mstari mzima, kama mtu amefunga mlango.

Nilikunywa.

Niseme ukweli, maana nimezeeka na sina wa kumficha. Chai ile ilipogusa ulimi nilisahau balozi, nikasahau msiba. Machozi yalinitoka, na wao wakadhani ni uchungu. Nilinyoosha kikombe nikaomba kingine. Mjane akalegeza mabega, akapiga magoti akanikumbatia, akaniita dada. Jina langu lilisafishwa siku ile kwa vikombe viwili.

Ningekuwa mtu mwenye akili ningeishia hapo. Badala yake nikawa mtu wa misiba. Akifa mtu kijiji cha tatu nimefika, kanga kiunoni, wa kwanza kukata kuni, wa kwanza kukaa chini chai inapotoka. Vikombe viwili, vitatu. Watu wakanisifu: yule mama ana utu, hakosi msiba. Nikawa nawajua wagonjwa wote, nani anatapika, nani ameacha kula. Nilikwenda kuwasalimia na kuwashika mikono, na huku nawashika mikono kuna sehemu yangu iliyokuwa inahesabu siku zao. Sikumtakia mtu kifo. Nilikuwa nangoja tu. Tofauti ya mambo hayo mawili niliiona kubwa wakati ule. Leo siioni vizuri.

Nikajikwaa kidole cha mguu na kidonda hakikupona. Kidole kilibadilika rangi, kisha kikaacha kuuma, na hicho kuacha kuuma ndicho kilichomtisha mganga wa Musoma. Alikikata. Nilirudi na vidole tisa, na sijui kile kimoja walikizika wapi.

Siku moja, asubuhi ya jua kali, tulikuwa uani tunapepeta ulezi, mama mkwe na mimi. Mayowe yakapigwa upande wa mlimani. Yeye akaweka ungo chini, na mimi nikageuka kusikiliza ni nyumba ya nani.

"Unameza mate," alisema.

"Hapana, mama."

"Unameza. Nakuona. Na juzi walipolia kule bondeni ulimezaga hivyohivyo."

Nilitaka kukasirika, maana hasira kwangu haiko mbali. Lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa maji, na nisingeweza kusema bila kuyameza kwanza. Nikayameza, mbele yake.

Aliuchukua tena ungo wake. "Mwanangu," alisema, "siku yangu ikifika, chai yangu usiinywe."

"Watasema nimekuua, mama."

"Waseme. Niahidi."

Nikaahidi. Mpaka leo sijui kama alinionea huruma au aliniogopa, kama alitaka niishi au alitaka tu kufa bila kungojwa. Labda yote. Sikumuuliza, nikajifunza kwake kunyamaza.

Tangu siku hiyo nilikwenda misibani kuchota maji na kukata kuni, na sufuria ikiteremshwa mimi nilishakuwa njiani. Kwa kuwa niliondoka kabla ya chai, hakuna aliyeweza kusema nimekataa. Kiu ilipungua. Bafuni pakabaki udongo wa kawaida.

Halafu dunia ikageuka, kila kitu kikawa ruksa. Bunda maduka yalijaa mpaka vibarazani: sukari kwenye magunia wazi, biskuti, soda za rangi zote. Watu walikunywa chai nzito ya sukari kama wanaolipiza kisasi. Mimi ndipo shida yangu ilipoanza upya. Kila nyumba niliyoingia nilitiliwa vijiko vinne kwa upendo, na nikikataa naambiwa najidai. Hotelini Musoma ukiomba chai isiyo na sukari mhudumu anakwambia imeshatiwa huko ndani, labda unywe maji. Mfanyabiashara mmoja wa Bunda, Mwislamu mwema ambaye baba yake alikufa kwa ugonjwa huuhuu, aliniagizia kutoka Mwanza kikopo cha vidonge vidogo vinavyotia utamu bila sukari. Nilikijaribu. Utamu wake ulikuja haraka, ukaondoka, ukaacha uchungu wa chuma nyuma ya ulimi. Nilimshukuru, nikakiweka juu ya kabati, nikarudi kwenye chai isiyotiwa kitu. Watu wenye ugonjwa wetu walianza kuwa wengi, na wengine walikuja kuniuliza ninakula nini. Niliwajibu kwa ukali, lakini niliwajibu.

Mama mkwe alikufa mchana, ameshika mkono wangu. Alikuwa mzee, alikuwa ameumwa kifua muda mrefu, na hakuna mwenye akili angetafuta sababu nyingine. Lakini msiba hauendi na akili. Mimi ndiye niliyempikia, mimi ndiye niliyemwogesha, na waliokumbuka lile shimo la chini ya kitanda walikuwa bado hai wengi tu.

Chai ililetwa kwetu wanawake, mume wangu akiwa upande wa wanaume. Sasa haikuhitaji kibali. Sukari ilikuwa nusu gunia pale jikoni, nyuki wanazunguka. Nilidhani katika wingi ule hakuna atakayejali kikombe kimoja. Mjane wa balozi, amezeeka naye, alikuja na kikombe mikononi, akasimama mbele yangu kama siku ile. Mazungumzo yakakatika mstari mzima.

Nilikipokea. Kilikuwa cha moto na harufu yake ilipanda. Mate yalijaa mdomoni, baada ya miaka yote ile, na mama mkwe wangu mpenzi hajazikwa. Nikamrudishia kikombe kimejaa.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, karibu ananisihi. "Kunywa hata kidogo."

Nikatikisa kichwa. Aliyekaa kulia kwangu akasogea, na aliyekaa kushoto akasogea, mpaka nikabaki peke yangu katikati ya majani. Pale msibani alikuwepo mtu mmoja tu ambaye angeweza kuwaambia kwa nini sikunywa na wakaamini, naye alikuwa ndani, amefunikwa shuka.