Kano la Bega Langu na Mzee Lugalia

Mwanangu, nimekuona tangu jana ukijisugua bega, na kikombe cha chai umekishika kwa mkono wa kushoto. Keti hapa kidogo. Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, pale Thika, ngozi ya ng'ombe iliponiponyoka ikaanguka sakafuni mbele ya kila mtu.

Nilikuwa kijana wa kutoka upande wa Ruiru, na kazi yangu katika kiwanda cha ngozi ilikuwa kutundika. Ngozi ikitoka kwenye maji ni nzito kama mtu mlevi. Unaikumbatia, unainua mikono juu ya kichwa, unaichomeka kwenye ndoano, unarudi kuchukua nyingine. Kutwa nzima ni hivyo. Siku hizo zilikuwa za Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, na Mkikuyu kama mimi bila kazi hakuwa na kibali cha kukaa mjini. Ungerudishwa kwenye kijiji chenye handaki na walinzi, na mke wangu Nyambura alikuwa amejifungua binti yetu Wanjirũ juzi tu. Kwa hiyo bega lilipoanza kuuma nilinyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilifichuliwa na ngozi ya ng'ombe.

Aliyekuja kuiokota ni Mzee Lugalia. Alikuwa Mluhya kutoka Maragoli, mrefu, mwenye mvi, mtu wa maneno machache na mlokole wa kweli. Tulimheshimu sote, Wakikuyu kwa Waluhya, na miaka ile haikuwa rahisi watu kuheshimiana. Aliitundika ile ngozi, kisha akaniambia niinue mkono. Nilifika usawa wa kidevu nikasaga meno.

"Hii imeanza lini?"

"Tangu mvua zianze, Mzee. Lakini jioni naenda kwa yule mtu wa kukanda. Atauvuta mkono urudi mahali pake."

Akanikazia macho. "Kijana, mkono si jembe, kwamba ukivunjika mpini utachonga mwingine. Ndugu yangu alivutwa hivyo hivyo huko kwenye mkonge. Kisha akaufunga mkono kwa kitambaa, akaogopa kuusogeza, ukakauka. Mpaka leo mkewe ndiye anamvalisha shati. Kengele ya mchana ikilia, wewe na mimi tunaenda kwa dresa wa zahanati."

Tukaenda kwa miguu mpaka zahanati. Dresa yule, kijana nadhifu mwenye koti jeupe, alinibonyeza mbele ya bega, pale mkono unapoanzia. Nikaruka. Akanikunjisha kiwiko huku yeye akikizuia, maumivu yakashuka mpaka katikati ya mkono wa juu. Akaniuliza kama usiku nashindwa kuulalia. Nikasema ndiyo.

"Ni mshipa?" nikauliza, maana sisi kila kitu kilikuwa mshipa.

"Si mshipa wa damu," akasema. "Umewahi kuchinja mbuzi? Umeiona ile kamba nyeupe, ngumu, inayoshikilia nyama kwenye mfupa? Hiyo ni kano. Lako linapita kwenye mfereji mwembamba hapa begani. Ukiinua mikono juu kutwa nzima linasuguana na mfupa, linavimba, na likivimba linasuguana zaidi. Halijakatika. Ukiendelea, linaweza kukatika."

Mzee Lugalia akatikisa kichwa. "Kamba hukatikia pembamba," akasema.

Dresa akanipa vidonge, akaniambia niweke kitambaa cha maji baridi, na nisiinue kitu juu ya bega mpaka atakaponiruhusu. Lakini nisiufunge mkono ukalala. Niiname, niuache uning'inie, niubembee taratibu. Baadaye niusimamishe ukutani, vidole vipande polepole kama mdudu, nikisikia maumivu makali nirudi chini.

Nikacheka kwa uchungu. Nani angenipa kazi ya kutoinua mkono?

Hapo ndipo nilipomwona mtu, mwanangu. Mzee Lugalia alikuwa na kazi nzuri aliyoingojea kwa miaka mingi: kupanga ngozi zilizokauka, mezani, kwenye kivuli. Alinyoosha njia mpaka kwa mzungu msimamizi, kofia mkononi.

"Bwana, huyu kijana ameumia. Akae kwenye meza yangu. Nitatundika mimi."

"Wewe mzee? Utaanguka."

"Nikianguka, utatufukuza wote wawili."

Mzungu akasema, "Haya, jaribu."

Sikulala vizuri usiku ule, na safari hii si kwa sababu ya bega. Asubuhi nilimkuta amefika mapema, ameokota makreti mabovu, amepigilia mbao juu yake, amepata jukwaa. Akapanda. Ndoano zikawa mbele ya kifua chake! Hakuinua mikono kama sisi tulivyoinua, alisukuma tu. Wenzetu walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu mzee alikuwa anawapita. Wiki haikwisha kabla msimamizi hajamwita seremala awatengenezee wote majukwaa. Tulikuwa tumetundika pale miaka, vijana wenye nguvu, na hakuna aliyewaza kupanda juu kidogo.

Bega langu halikupona haraka. Nyambura ndiye aliyenisimamia ukutani kila jioni. Nilipokosa subira alisema, "Baba Wanjirũ, mkono mmoja haulei mwana," nikarudi ukutani. Mvua zikaisha, kahawa ya Ruiru ikachanua, na Jumapili moja baada ya kanisa nikamwinua Wanjirũ juu ya kichwa changu, akacheka, na mama yake akageuka upande akijifuta macho.

Mzee Lugalia alirudi Maragoli alipostaafu. Nimewajua wakubwa wengi tangu hapo, wenye magari na wenye vyeo. Sijakutana na mkubwa kumpita yeye.

Basi sikia. Maumivu yanayokujia ukiinua mkono, yanayokuamsha ukilalia bega, usiyafiche na usiyafanyie ubabe. Usiruhusu mtu akuvute. Nenda hospitali wakuone, na ukisikia kitu kimeachia ghafla mkononi, nenda siku hiyo hiyo. Pumzisha kinachouma, lakini usikiache kikauke. Itazame kazi yenyewe, maana mara nyingi ni kimo cha ndoano kinachokuumiza. Na ukimwona mwenzako anasaga meno kimya kimya, usingoje aangushe mzigo. Muulize imeanza lini.

Mungu akupe mikono ya kufanyia kazi, na ya kubebea watoto wako. Akuwekee karibu mtu wa kukuambia ukweli, na siku moja akufanye wewe uwe mtu huyo. Thaai, amani iwe nawe.