Kilichotoka Kwenye Tangi la Falesi

Falesi Kamwendo hakuwa mtu wa kinyaa. Ukunga wa miaka mingi pale hospitali ya Domasi ulikuwa umemkomaza. Damu, matapishi, vidonda vilivyooza, vyote alivishika kwa mikono yake, akanawa, akaenda kula nsima, ugali wa kwao, kwa dagaa wa usipa bila kukunja uso. Alipostaafu, mumewe akiwa keshafariki, alibaki na binti yake Tiyanjane, nyumba ya matofali, na pikapu kuukuu ambayo marehemu aliipenda kama mke wa pili. Mwanamke yeyote wa jirani akishikwa na uchungu, pikapu hiyo ndiyo iliyomfikisha hospitali.

Mwaka ule petroli iliadimika nchi nzima. Magari yalilala kwenye foleni za vituoni mpaka kuku wakataga chini yake. Falesi hakuhangaika, maana alikuwa na ndugu. Biswick, mdogo wake wa kiume, wa pekee, ndiye aliyekuwa mwenye mbumba: msimamizi wa dada yake na wa mtoto wa dada yake, mtu wa kuitwa kwanza kwenye ndoa na kwenye msiba. Bondeni alikuwa na mabwawa ya samaki, na uhaba ulipoingia akaanza kuuza petroli ya magendo kwa madumu.

"Wewe dada nakuwekea ile safi," alimwambia. "Ya wengine siisemei."

Falesi alichukulia hayo kuwa ni upendo.

Kisha ikaja siku ya Mwandida, binti wa jirani, mimba ya kwanza. Walimlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu, mama yake akamshika kichwa. Walipoanza kupanda kilima gari likakohoa, likaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, likazima. Falesi akazungusha ufunguo. Likawaka, likazima tena. Nyuma Mwandida alipiga ukelele ambao Falesi aliujua vizuri, ule wa mtoto asiyesubiri.

Akapanda nyuma. Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni walitua mizigo yao, wakavua vitenge, wakavishika kuzunguka pikapu. Magari mawili yalipita, madereva wakipunguza mwendo ili wachungulie. Mtoto alitoka wa bluu, kimya, kitovu kimemzunguka shingo. Falesi alikikwamua kwa kidole, akamfuta kamasi, akamsugua mgongo mpaka akalia. Mwandida alivuja damu nyingi kuliko inavyofaa. Lori la mkaa ndilo lililowafikisha hospitali hatimaye, mzazi akiwa amempakata mtoto juu ya magunia. Walipona wote wawili.

Pikapu ilisukumwa hadi nyumbani. Fundi wa sokoni alisema atakuja, hakuja. Falesi akaamua kubadilisha filta ya petroli mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa akimpa marehemu spana akitengeneza gari, akajua mkono unapita wapi.

"Tiya, jiko lako la mkaa peleka kwa jirani," alimwambia bintiye. "Na mtu yeyote asije hapa na sigara."

Alitegemeza magurudumu kwa mawe, akachomoa waya wa betri, akatandika mkeka, akajisukuma chini ya gari na koleo na bisibisi. Filta ilikuwa karibu na tangi, kikopo cha bati kilichoshikwa na mipira miwili ya kupitisha petroli. Akalegeza kibano cha kwanza, akauvuta mpira.

Kitu kikamtiririkia kwenye kiganja, kikaingia kwenye mkono wa blauzi mpaka kwapani. Hakikuwa chepesi kama petroli. Kilikuwa kizito, baridi, kinateleza kama ulimi wa ng'ombe. Tone moja likamwangukia mdomoni. Ladha yake ilikuwa petroli, lakini nyuma ya petroli kulikuwa na kitu kingine: tope, kuoza, shombo.

Alitoka chini akitema mate. Akaimwaga ile filta kuukuu kwenye chupa ya kioo, akaiweka juani. Taratibu vitu vikajitenga. Juu, petroli. Chini, zaidi ya nusu chupa, maji ya rangi ya nyongo, na ndani yake ukoga wa kijani ukining'inia kama kamasi. Akafungua kizibo cha chini ya tangi, akakinga beseni. Humo ndimo alipoyaona magamba. Magamba madogo ya samaki, yanang'aa.

"Mama, ni nini hicho?" Tiyanjane aliuliza, kitenge puani.

"Bwawa la mjomba wako," Falesi akasema. Akainama nyuma ya mpapai, akatapika.

Hata hivyo kazi aliimaliza. Alilisafisha tangi, akapuliza mipira, akafunga filta mpya, mshale wake ukielekea injini, akakaza vibano. Kisha akaoga mara mbili kwa sabuni ya kufulia, na bado harufu ilibaki chini ya kucha.

Akaenda kwa Biswick na ile chupa. Alimkuta mezani na mkewe Enifa, wanakula. Akaitua chupa kando ya sahani ya samaki.

"Aa, dada! Karibu, nawa mikono."

"Nimenawa mpaka ngozi imechubuka. Hii ni nini?"

Biswick akaitazama chupa, akacheka kidogo. "Maji yameingia. Mvua hizi."

"Mvua zina magamba?"

Enifa alisimamisha tonge njiani.

"Basi, kidogo tu," Biswick akasema. "Dumu halijajaa, mtu unaongezea. Kila muuzaji anafanya hivyo, dada. Usinifanye mimi ndiye shetani."

"Ulisema yangu ni safi."

"Yako niliongezea kidogo kuliko ya wengine. Hiyo si heshima?"

"Mwandida amezaa barabarani, Biswick. Mtoto alikuwa na kitovu shingoni."

"Si nasikia wamepona?" Akamega nsima, akachovya kwenye mchuzi, akatia mdomoni. "Basi. Mungu ni mwema."

Falesi alimtazama akitafuna. Mafuta yalimng'aa kwenye kidevu. Alikuwa ameona maiti za siku tatu, lakini hakuwahi kuona kitu cha kinyaa kama kile kinywa kikitafuna kwa utulivu.

"Wifi, kaa basi," Enifa alisema kwa sauti ndogo. "Mimi sikujua. Wallahi sikujua."

"Nakuamini wewe," Falesi akasema. Akageuka, akaondoka.

Biswick alituma watu wa kusuluhisha, akatuma kuku, akatuma samaki. Kuku alirudishwa akiwa hai. Samaki Tiyanjane aliwafukia shambani.

Ulipofika wakati wa Tiyanjane kuolewa, wazee walikuja kumsihi Falesi. "Nani atakaa kwenye kiti cha mjomba? Desturi ni desturi, mama. Damu haifuliwi."

"Binamu yangu wa Zalewa atakaa," Falesi alijibu. "Huyo mwingine akitaka kuja, aje kama mgeni."

Na Biswick alikuja kweli, suti imepigwa pasi, akakaa nyuma na wageni wengine. Alikula vizuri, akaomba kuongezewa, akawachekesha waliokuwa karibu naye. Falesi alimwona kwa mbali, akahisi mate yakimjaa mdomoni, akainuka, akatoka nje kutema.