Kaa, Kichiwa Haijasema

Mwanangu, weka begi chini kwanza. Kesho unakwenda Makambako, kwenye mkutano wa kanda wa umoja wetu wa wanawake, na kiti cha kijiji chetu cha Kichiwa sasa ni chako. Magoti yangu yamestaafu, mdomo bado.

Ipo siku moja sijaisahau. Nilikuwa msichana kama wewe, mjumbe kwa mara ya kwanza, mkutano kwenye ukumbi uleule wa kesho, upepo wa Makambako unapiga madirisha. Mbele alisimama Mama Tulia, mjane kutoka kijiji cha Mawengi. Mashemeji zake walitaka kumnyang'anya shamba la viazi aliloachiwa na mumewe, na kesi ilikuwa inasikilizwa wiki ileile. Aliomba jambo moja tu: asiende barazani peke yake. Mwenyekiti akaanza kuuliza kijiji kimoja kimoja, nani atamsindikiza.

Kabla hajafika kwetu, magari ya wageni yakaingia. Unajua tulivyolelewa huku: mgeni akifika, binti hakai. Nikainuka mbio kwenda jikoni, na wenzangu kadhaa wakainuka pia. Bibi Anganile wa Mlangali, mzee asiyejua kubembeleza mtu, akanidaka sweta.

"Unakwenda wapi?"

"Wageni wamefika, bibi. Nikasaidie kusonga ugali."

"Kichiwa wamekutuma usonge ugali?"

"Hapana, bibi."

"Basi kaa. Wageni wakichelewa kula hawafi. Huyu mama akikosa watu, shamba limekwenda."

Nilikaa. Uso uliniwaka kwa aibu, maana ukumbi mzima ulisikia. Lakini na wale wengine wakarudi vitini, na mwenyekiti alipoita Kichiwa, nilikuwepo. Nikasimama, sauti inatetemeka, nikasema tutakwenda naye. Ndicho nilichotumwa kusema, maana habari zake zilishafika kijijini kwetu, na kidogo tu kingebaki tumboni.

Ugali? Ulisongwa na dereva wa wageni baada ya njaa kumzidi. Ulikuwa na madonge, tukaula hivyohivyo.

Siku ya kesi tulijaza mabenchi ya baraza, wanawake wa Kichiwa, Mlangali na Mawengi, tumejifunga vitenge vyetu. Mashemeji walitazama nyuma, wakatazamana. Waliokuwa wakitamba kijijini, siku hiyo waliongea kwa kunong'ona. Mama Tulia alieleza yake bila kukatizwa, na shamba likabaki lake. Mpaka leo analima, na kila mkutano analeta gunia la viazi vyake jikoni. Nikivila, mwanangu, najivuna waziwazi, sijifichi.

Sasa wewe. Adabu yako sikuondolei, mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha. Ukikutana na wakubwa piga goti, sema kamwene, salimia vizuri. Ukitoka mkutanoni osha hata masufuria yote. Ila ukiwa umekalia kiti cha Kichiwa, usiinuke mpaka Kichiwa imesema. Kuna mwanamke pale mbele anakutegemea, naye hahitaji ugali wako, anakuhitaji wewe.

Na ukiona binti mwingine anainuka, mvute sweta, taratibu lakini.

Haya, chukua begi. Mungu akulinde njiani, akupe sauti isiyotetemeka kama yangu ya siku ile. Na hata ikitetemeka, mwanangu, akujalie kusimama useme.