Bastola ya Verna

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko la kahawa, Verna Halvorsen alipandisha pazia la dirisha lake la mbele mpaka nusu. Hakulipandisha lote, kwa sababu jua la Arizona lilikuwa limeshakula rangi ya makochi yake. Hakuliacha chini pia, kwa sababu kambini kwetu pazia lililo chini lina maana yake. Alilipandisha akiwa na homa, na alilipandisha siku aliyopigiwa simu kwamba dada yake amefariki. Kwa miaka sita nililiona likipanda, nimesimama dirishani kwangu na kikombe changu.

Wengi wetu tunaoishi kwenye trela, nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari, huku jangwani tuko peke yetu, kwa hiyo tuna desturi. Ikifika saa mbili asubuhi na pazia lako bado liko chini, jirani anakuja kugonga. Usipojibu, anachukua ufunguo uliomwachia, anafungua na kuingia, wala haombi radhi. Delmar Pruitt, mzee ambaye trela yake imepakana na ya Verna, alikutwa hivyo mwaka juzi, yuko sakafuni na sukari imemshuka. Verna ndiye aliyeingia akampaka shira kwenye fizi kwa kidole mpaka akafumbua macho.

"Aliniwasha kama mtu anavyowasha gari bovu," Delmar alizoea kusema. "Matusi kwanza, halafu mafuta."

Verna alikuwa amepika miaka thelathini katika shule moja ya Dakota Kaskazini. Trela ilikuwa ndoto ya mumewe, Arne, ambaye aliivuta mpaka huku akafa kabla ya majira ya pili ya baridi. Nyumba walikuwa wameshaiuza. Verna akabaki na chumba kimoja chenye magurudumu, na viungo vya vidole vilivyovimba kwa miaka ya kubeba masufuria.

Jambo lililombadilisha lilitokea mwezi wa tatu, mchana kweupe. Alikuwa mezani anamenya viazi, mlango ukafunguliwa na mwanamume asiyemjua. Yule mtu akautazama mkoba uliokuwa juu ya meza, akamtazama Verna, akasema, "Nimekosea trela," akageuka akaenda zake. Alitembea bila haraka. Kutokuwa na haraka kwake ndiko kulikomwumiza Verna kuliko mlango wenyewe. Askari wa kaunti walifika baada ya saa moja na nusu, maana kituo kiko mbali, wakaandika maelezo wakaondoka.

Tangu siku hiyo hakupata usingizi. Macho yakamwingia ndani, mikono ikawa inadondosha vitu. Wiki ya pili akatuita mimi na Delmar kwake, akasema anataka bunduki, tumsaidie kuchagua.

Delmar alifurahi kama aliyeombwa ushauri kwa mara ya kwanza maishani. Akachukua ufagio wa Verna akampa.

"Shika hivi. Hii ni bunduki ya marisau. Mwizi yuko mlangoni, wewe uko kwenye jiko. Geuka."

Verna akageuka. Mpini ukagonga kabati, kopo la sukari likaanguka, sukari ikamwagika sakafu nzima.

"Sukari umeshaiua," Delmar akasema. "Mwizi bado mzima."

"Wewe mzee, utazoa hii sukari kwa ulimi."

"Basi ndefu hazifai humu. Na ile yangu ya kuwindia paa usiiwaze kabisa. Ikitoka hapa inapita ukuta wako, inapita wangu, inakwenda kumkuta mtu anakunywa kahawa yake Kalifornia."

Verna aliacha kucheka. Kuta za trela zetu ni bati jembamba, sponji na ubao usiozidi unene wa kidole. "Kitanda chako kiko upande gani, Delmar?"

Delmar akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Huku. Hatua nne kutoka meza yako. Na kichwa kinaelekea kwako, kama mtu anayesubiri habari."

Verna aliutazama ukuta ule kwa muda mrefu. Nakumbuka nilidhani anatafuta madoa.

Nilimpeleka dukani mjini kwa gari langu. Muuzaji, kijana wa ndevu aitwaye Royce, alikuwa mpole kwake. Alimpa bastola ya kwanza avute kifuniko chake cha juu nyuma, kisha akaviona vidole vikigoma.

"Hii ni mikono ya kazi, mama. Bastola hii tuiache." Akatoa nyingine ndogo, ile ya kasha linalozunguka, ya risasi tano. "Hii haihitaji kuvutwa. Unaelekeza, unabonyeza. Haina maswali."

"Mimi ninalo moja," Verna akasema. "Inapita ukuta wa trela?"

"Ukuta wa trela, mama, hata ngumi inapita."

"Sikuuliza ngumi."

Royce akaweka kiboksi cha risasi juu ya kioo. "Hizi zinavunjika zikigonga kitu. Zinapunguza nguvu."

"Zinapunguza au zinazuia?"

"Zinapunguza."

Aliigeuza bastola mkononi kama mpishi anayeangalia kama samaki ameiva. Nami nilidhani kwamba usingizi ndio anaouhitaji, na pengine kile chuma kitampa. Royce alipofunga mzigo akamwongezea karatasi ya kubandika mlangoni, yenye picha ya bastola na maneno ya kuonya mgeni. "Watu wajue kwamba unayo," akasema. "Wakijua, hutalazimika kuitumia."

Verna akayachukua maneno hayo kama dawa iliyoandikwa na daktari. Alibandika ile karatasi juu ya kitasa. Jumamosi, tulipokuwa tunakula pankeki katika ukumbi wa kambi, alisimama.

"Kuanzia leo mtu asiingie kwangu kwa ufunguo. Nikishtuka sitajua ni nani." Kisha akanyoosha mkono kwangu, nami nikautoa ufunguo wake kwenye kishada cha funguo zangu.

"Na pazia je, Bi Verna?" nikamwuliza.

"Pazia nitapandisha, binti. Umewahi kuniona nakosa?"

Alikosa mara moja, mwezi wa nne. Alikuwa amekunywa dawa ya mafua ikamlaza. Delmar akaenda na kikombe chake cha kahawa, akagonga, na mkono wa desturi ukashika kitasa. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Bastola ilikuwa imeelekezwa kwenye kifungo cha shati lake.

"Verna. Ni mimi. Silaha yangu ni kahawa," Delmar akasema, lakini kikombe kilikuwa kimeshapasuka kwenye ngazi. Nilikuwa nyuma yake. Verna alimtazama kama hamjui, kisha akaketi pale chini mlangoni, bastola mapajani, akalia bila sauti.

Jioni hiyo Delmar aliwasimulia watu akiwachekesha. Kwangu alisema jambo lingine. "Binti, mimi pale sigongi tena. Nina miaka sabini na minane. Sitaki kufa nimevaa kaptula."

Hakuna aliyegonga tena. Aliyempikia Verna kitu alikiacha kwenye ngazi akaenda zake. Naye alipunguza kutoka. Kila asubuhi pazia lilipanda mpaka nusu, nasi tukaridhika na hilo.

Mwezi wa tano, watu wa kaskazini, wanaokuja kwetu kukimbia baridi, walipokuwa wameshavuta trela zao kurudi makwao, palikuwa na asubuhi moja ambapo saa mbili ilifika pazia likiwa chini. Nilitoka. Delmar alikuwa ameshatoka, amesimama mbali kidogo na ngazi.

"Verna!" akaita. "Kahawa inapoa!"

Nilimpigia simu, tukaisikia ikilia ndani mpaka ikanyamaza.

"Labda amelala," Delmar akasema.

"Labda."

"Au ameamka, ameshtuka, ameishika."

Niliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Ile karatasi ilikuwa sawasawa na macho yangu. Nikautoa mguu. Tulipiga simu kwa askari wa kaunti, na mwanamke aliyepokea akatuambia tusisogelee mlango kama aliye ndani ana silaha. Lilikuwa jibu tulilokuwa tunalitamani. Tukakaa kivulini mwa trela ya Delmar, tukaita kila baada ya dakika chache, tukabishana kwa sauti kama bastola huwa kwenye droo au mezani. Ilichukua saa moja na dakika arobaini askari kufika.

Askari alisimama ubavuni mwa mlango, akapiga kelele jina lake, akavunja kitasa kwa chuma. Verna alikuwa sakafuni kati ya jiko na meza, macho wazi, mdomo umekwenda upande mmoja. Mkono wake ulikuwa umelielekea pazia. Bastola ilikuwa ndani ya droo ya kabati, chini ya vitambaa vya kufutia vyombo.

Hospitalini daktari alianza kunieleza habari za muda, muda unavyofanya kazi kwenye ubongo wa mtu aliyepooza ghafla. Nilimwomba aache.

Aliishi siku tisa. Delmar hakuthubutu kwenda. Mimi nilikwenda mara tatu, na mara ya tatu nilimwambia, "Tuliogopa, Bi Verna." Alinifanyia ishara nisogee, kwa mkono uliobaki mzima. Ulimi ulikuwa mzito, ikanibidi niweke sikio karibu na mdomo wake. Hakusema tena na mtu baada ya hapo, na Delmar sijamwambia mpaka leo.

"Nilikuwa nawasikia," alisema. "Haikuwa na risasi, binti. Tangu siku ya kile kikombe. Kitanda cha Delmar kiko hatua nne tu pale."