Bakuli Lililotakata

Plastiki iliyopakwa maji ya limau ikikaa juani hutoa harufu yake, kali kidogo, ya uchachu na ya kitu kinachotaka kuungua. Mimi naijua vizuri, nayo hunirudisha nyuma ya nyumba ya shangazi yangu pale Kitendaguro, Bukoba, kwenye bati la banda la kuku, nilipokuwa darasa la nne. Nilikuwa nimeletwa kutoka Muleba baada ya mazishi ya mama. Baba alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Wote wawili walizikwa kibanjani kwetu, kati ya migomba na mibuni, na wazee wa ukoo wakakaa wakaamua kwamba mtoto aende kwa dada wa baba yake, maana damu ni nzito kuliko maji. Ndivyo walivyosema, nami nikayaamini maneno yao na kupanda gari na kifurushi changu. Hakuna aliyetaja mbele yangu ugonjwa uliowaua, ingawa kila aliyekuja matangani aliujua. Ukimwi ulikuwa umeshapita Kagera nyumba kwa nyumba, na watu walikuwa bado wanautaja kwa kunong'ona.

Kwa shangazi sikupigwa wala sikulala njaa. Nalisema hili mapema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yeye mwenyewe hulisema kila anapopata nafasi. Nilikula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage kama binamu zangu, na Jumapili tukitoka kanisani nilipata samaki wa mchuzi wa nyanya na bizari kama wao. Ila wao walipakuliwa katika vyombo vya kabatini. Mimi nilikuwa na bakuli langu la plastiki, lililokuwa jeupe zamani, na kikombe changu na kijiko changu, na vikishaoshwa havikurudi kabatini na vingine. Vilikaa nje, kwenye kizingiti cha dirisha la jiko, mvua ije au isije. Siku nilipouliza kwa nini, shangazi alilitazama bakuli, si mimi, akasema, "Hilo lina madoa, Koku. Litachafua mengine." "Eego, Shangazi," nikaitikia, na kwa kweli nilifurahi. Mtoto wa miaka kumi akiambiwa kwamba tatizo ni madoa huona nafuu, kwa kuwa madoa ni kitu cha kusugua.

Nikasugua. Nilianza na majivu, nikaja kwenye mchanga, kisha stiluaya, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi, maana stiluaya ilichimba michirizi kwenye plastiki na manjano ya bizari yakaingia humo yakajikalia kama mwenye nyumba. Bandu bandu huisha gogo, lakini doa la bizari si gogo. Aliyenionea huruma ni jirani yetu Mama Rukia, mpishi wa pilau la shughuli, ambaye babu zake walitoka pwani wakaja Bukoba kwa biashara. Alinionyesha kulipaka bakuli mafuta ya kupikia kwanza na kuliacha likae, kwa sababu rangi ya bizari na nyanya hufuata mafuta kuliko maji. Kisha kuliosha kwa sabuni na maji ya moto, kwa kitambaa laini. Kisha kulisugua kwa kipande cha limau kilichochovywa kwenye chumvi, na kulianika bila kulisuuza. "Limau linalegeza tu, mwanangu," aliniambia. "Anayekula bizari ni jua. Mwachie." Lakini mvua ya Bukoba haina adabu, kwa hiyo nilishinda nikikimbia huku na huku, mara naliingiza, mara nalitoa, na wingu likitokea upande wa ziwani nilinuna kama mtu aliyeanika kahawa uani.

Kiangazi kilipokolea, bakuli likatakata. Michirizi ilibaki, lakini manjano yalitoka yote. Jumamosi moja nililiosha, nikalifuta, nikafungua kabati nikaliweka katikati ya mabakuli mengine, kisha nikakaa mlangoni kusubiri kusifiwa. Furaha niliyokuwa nayo asubuhi ile naionea huruma mpaka leo. Shangazi alipofungua kabati hakupiga kelele. Alitoa vyombo vyote, akavipanga kwenye karai, akachemsha sufuria kubwa ya maji akavimwagia, kisha akalishika bakuli langu kwa upindo wa kanga na kulirudisha dirishani. Mama Rukia alikuwa amekuja kuazima kinu. Aliutazama mvuke, akanitazama mimi, akaelewa kabla yangu.

"Jamani, dada," akasema, "ugonjwa ule haupiti kwenye sahani."

"Najua, waitu," shangazi akajibu taratibu, bila hasira. "Semina ya kanisani nilikaa mpaka mwisho. Ni moyo wangu tu unakataa."

Hivyo ndivyo nilivyojua wazazi wangu walikufa kwa nini, na kwamba aliyekuwa akiogopwa nyumba ile nilikuwa mimi. Bakuli sikulisugua tena. Lilirudia manjano yake Jumapili chache tu baadaye, nami nikala humo mpaka nilipokwenda sekondari ya bweni. Asiyejua ningemsamehe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sikuwa na mzazi. Nisingedai apendwe mtoto wa kaka kama wa kumzaa. Lakini yeye alijua, na akachemsha maji.

Siku hizi ninaishi Muleba, kwenye kibanja kile kile cha baba. Dawa zipo zahanati, na jirani yangu anameza vidonge vyake mbele ya wanawe kisha wanakula naye sahani moja. Watu husema dunia imeelimika, nami sibishi. Shangazi amezeeka, huja kwetu Krismasi, nampakulia katika vyombo tunavyolia sote, anakula anashukuru. Lakini kila nikimsimulia mtu habari za bakuli lile, swali lake la kwanza ni moja: "Kwani wewe ulikuwa nao?" Zamani nilikuwa najibu kwamba nilipimwa, sikuwa nao. Hapo msikilizaji alikuwa akishusha pumzi na kusema, "Maskini, kumbe alikuonea bure." Kwa miaka mingi neno hilo bure lilinifariji. Sasa linanichoma kuliko mvuke wa siku ile, kwa sababu maana yake ni kwamba kama ningekuwa nao, dirisha lingekuwa mahali pangu halali. Kwa hiyo swali hilo nimeacha kulijibu. Namwacha aliyeuliza abaki hajui, namtilia chai, kisha namtazama atakipokeaje kikombe mkononi mwangu.